Miezi 161 Kigoma, 74 Bujumbura: mzee huyu atapata pensheni?

Ndugu Mhariri,

Tunaomba ushauri kwa wasomaji waliowahi kudai mafao ya uzeeni wakiwa wamechangia nchi mbili. Sisi ni makarani wawili wa mishahara katika karakana ya boti hapa Kibirizi, Kigoma. Faili linalotuumiza kichwa ni la fundi wetu wa injini, aliyezaliwa Juni 1967. Juni 2027 anatimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima.

Mtiririko wa kazi zake ni huu. Julai 1999 hadi Juni 2004 aliajiriwa hapahapa Kigoma, akachangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, miezi 60. Baadaye akawa kibarua, hakuna mchango. Machi 2009 alivuka kwenda Bujumbura, akawa fundi kwenye kampuni ya usafirishaji hadi Aprili 2015, machafuko yalipoanza. Huko alichangiwa INSS, mfuko wa wafanyakazi wa sekta binafsi wa Burundi, miezi 74. Januari 2017 akaajiriwa tena upande huu, na hadi Desemba 2025 inatimia miezi 108. Jumlisha na ile 60 ya zamani, NSSF ilipaswa kuwa na 168. Taarifa ya michango inaonyesha 143. Miezi 25 haionekani, na yote ni ya mwajiri mmoja, kati ya 2018 na 2020.

Pensheni ya NSSF inataka michango ya miezi 180. Akiendelea kukatwa kila mwezi hadi Juni 2027 ataongeza 18 na kufika 161. Anapungukiwa 19. Miezi ya Burundi ingejumlishwa, angekuwa na 235 na barua hii isingeandikwa. Ile 25 ikipatikana, anafika 186 bila kuhitaji hata mwezi mmoja wa Bujumbura.

Tofauti yake kwa fedha si ndogo. Kanuni iliyoanza Julai 2022 inachukua wastani wa mshahara wa mwaka kwa miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho, unauzidisha kwa idadi ya miezi, kisha unagawa kwa 580. Kwa mgawo wa 2022, asilimia 33 ya jibu ilizidishwa kwa 12.5 na kulipwa kama mkupuo. Asilimia 67 iligawanywa kwa 12 na kuwa pensheni ya kila mwezi. Tuseme wastani wa mshahara wake ni 900,000 kwa mwezi, yaani 10,800,000 kwa mwaka. Kwa miezi 186 pensheni nzima ya mwaka ni kama 3,463,000. Kwa mgawo huo mkupuo ungekuwa takriban 14,287,000, na kila mwezi angepokea kama 193,000 maisha yake yote. Akibaki na 161, analipwa mkupuo maalumu mara moja na faili linafungwa. Wapo wanaomwambia achukue huo mkupuo anunue mashine ya boti. Kwetu sisi huo ni ushauri mbaya, kwa sababu mkupuo ukishalipwa hakuna mlango wa kurudia kudai pensheni.

Kuhusu kujumlisha miezi ya nchi mbili, haya ndiyo tunayoyafahamu, na mwenye taarifa tofauti atusahihishe. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika 1 Julai 2010. Ibara yake ya 10 inamtambulia mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya mafao ya hifadhi ya jamii, lakini ibara hiyohiyo inaliachia Baraza la Mawaziri litoe maelekezo na kanuni za namna haki hiyo itakavyotekelezwa. Karani wa dirishani hafanyi kazi kwa itifaki, anafanya kwa kanuni aliyopewa. Kinachouma zaidi ni kwamba Burundi, Rwanda na Kongo zina mkataba wao wa hifadhi ya jamii tangu 1978, chini ya Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu. Mtu wa Uvira, upande wa Kongo, aliyefanya kazi Bujumbura ana karatasi ya kushikilia. Tanzania haimo katika jumuiya hiyo, kwa hiyo mtu wa Kigoma aliyefanya kazi bandari ileile hana.

Tunachofanya sasa ni kutafuta ile 25. Kabla ya kumshitaki mwajiri, tunaangalia kama fedha zilifika NSSF zikaingia mahali pasipo pake. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mwajiri mpya humwandikisha mtu upya badala ya kuuliza namba yake ya zamani, na mwanachama mmoja anajikuta na namba mbili au tatu, kila moja na vipande vya miezi. Wakati mwingine jina limekosewa herufi moja kwenye orodha ya malipo, na mchango unakaa bila mwenyewe. Dawa yake ni barua ya kuomba kuunganisha namba, pamoja na nakala ya kitambulisho cha NIDA, kadi za NSSF zote alizonazo na barua za ajira.

Kama hazikufika kabisa, basi ni madai ya michango isiyowasilishwa, na hapo ushahidi ndio kila kitu. Mzee ana karatasi za mshahara 17 kati ya 25, zinaonyesha asilimia 10 yake ilikatwa. Asilimia 10 nyingine ni ya mwajiri, kufanya 20; haionekani kwenye karatasi ya mshahara, ila mwajiri anadaiwa zote mbili. Kwa miezi minane isiyo na karatasi tumeomba benki itoe taarifa ya akaunti: kiasi kilichoingia kikilingana na cha miezi yenye karatasi, makato yanajidhihirisha. Tatizo ni miezi mitatu aliyolipwa fedha mkononi. Hata hiyo ikikataliwa tunabaki na 22, na upungufu ni 19, kwa hiyo bado inatosha, ila kwa nafasi ya miezi mitatu tu. Kuanzia leo hadi Juni 2027 hatakiwi kupotea mwezi.

Upande wa Burundi, miezi 74 haimpi pensheni, kwani nako sharti ni miaka 15 na umri wa 60. Anachostahili ni malipo ya mara moja. Ni haki yake na tunaitaka, ila nyaraka zinagongana. Kadi ya INSS imemwandika “Othman” na mwaka wa kuzaliwa umeandikwa kwa makadirio, “vers 1968”. NIDA inasema Athumani, 1967. Cheti cha kazi alichopewa na kampuni kina tarehe ya kuanza, hakina ya kuacha. Mtu anaweza kuongea Kiha dirishani Bujumbura wakaelewana vizuri sana na Warundi, lakini fomu ni za Kifaransa, na kiapo cha majina kilichoapwa kwa wakili hapa Kigoma ni cha Kiingereza. Kinahitaji tafsiri, na tafsiri inahitaji mihuri. Halafu malipo ni kwa faranga, na bei ya benki na ile ya mtaani zinapishana mno. Fedha ikichelewa inazidi kuyeyuka.

Maswali yetu ni haya. Kwanza, kwa tofauti ya jina na mwaka, INSS inakubali kiapo cha wakili kilichothibitishwa na ubalozi mdogo wa Burundi hapa Kigoma, au lazima kipitie Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa Dar es Salaam? Pili, mzee anaweza kumpa mtu hati ya uwakilishi akamfuatilia Bujumbura, au lazima avuke mpaka wa Manyovu mwenyewe? Tatu, cheti kisicho na tarehe ya kuacha kazi kinarekebishwaje ikiwa kampuni ilishafungwa, je rejista ya INSS yenyewe inatosha kuthibitisha miezi?

La mwisho ni la NSSF, na ndilo tunalolihitaji haraka. Ikiwa madai ya miezi 25 hayajaamuliwa hadi Juni 2027, mwanachama aliyetimiza 60 anaruhusiwa kuacha faili wazi bila kuchukua mkupuo maalumu, au kuendelea kuchangia kwa hiari hadi afike 180? Aliyewahi kuruhusiwa atuambie aliandika barua kwa nani na aliambatisha nini.

Makarani wa mishahara,
Kibirizi, Kigoma