Usiliuze gari lako, shoga

South B, Nairobi
Februari 2026

Rukia shoga yangu,

Salamu nyingi. Mama hajambo, nilipita kwake Jumapili, na habari kwamba unarudi kabisa mwezi wa tisa ameshaitangaza mtaa mzima.

Ila hili ulilomwambia, kwamba utaliuza gari lako huko Uingereza ununue la karibuni zaidi kabla ya kurudi, limeninyima usingizi. Tafadhali usifanye hivyo. Hilo hilo ulilolizoea ndilo linalokupa haki ya kusamehewa ushuru. Mkenya anayerudi baada ya kuishi nje miaka 2 au zaidi huruhusiwa kuingiza gari moja bila ushuru, mradi amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko kwa angalau miezi 12, na muda wa kuwa melini hauhesabiwi. Ukinunua jingine Julai, miezi 12 utaitoa wapi?

Na ushuru wenyewe si mchezo. Tuseme gari limethaminiwa shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 350,000. Ukishajumlisha hapo, juu yake unakuja ushuru wa bidhaa, asilimia 25 kwa injini kama yako inayozidi CC 1500: 337,500 nyingine. Kisha VAT ya asilimia 16 inatozwa juu ya vyote hivyo: 270,000. Ongeza ada ya tamko la uingizaji na tozo ya reli, ushuru peke yake umeshavuka milioni moja. Ni kama kulinunua gari lako upya, na hiyo ni hela ya kumalizia nyumba ya Mama.

Sasa hesabu siku zako. Katika hiyo miaka 2, siku ulizokuwa Kenya zote pamoja zisizidi 90. Ulikuja Mama alipolazwa, ukaja tena kwa harusi ya Halima. Fungua pasipoti uangalie mihuri mmoja mmoja kabla hujakata tiketi ya kuja Idd.

Umri wa gari nao unabana. KEBS, wale wa viwango, wanakubali miaka 8 tu tangu usajili wa kwanza. Lako ni la 2019, kwa hiyo mwisho wake ni 31 Desemba mwaka huu, na kinachotazamwa ni siku ya kufika Mombasa. Tangu yale mashambulizi ya Bahari ya Shamu, meli nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na njia hiyo ni ndefu. Ningekuwa wewe, gari lingepanda meli wiki ile ile ninayofunga nyumba. Likaguliwe huko huko kwanza, cheti kitoke kabla halijapakiwa.

Karatasi ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. V5C, ile hati ya usajili wa gari ya huko, iwe na jina lako, si la Abdalla. Kile kipande chake cha kusafirisha gari nje wapelekee DVLA, wasajili wa magari wa huko, sehemu inayobaki usimwachie mtu. Na hati ya meli isome kwa kidole, herufi kwa herufi. Gari la shemeji yangu lilikwama bandarini kwa sababu nambari ya chesisi iliandikwa herufi O palipokuwa na sifuri. Nambari hizo za herufi na tarakimu 17 hazitumii kabisa I, O wala Q, kwa hiyo aliyekuwa makini angeigundua mara moja! Lililala yadini, ada ya kila siku ikipanda, hadi hati nyingine ikaletwa.

Likishatoka forodhani, usajili wa NTSA, mamlaka ya usafiri, unafanyika kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa PIN yako ya KRA, mamlaka ya kodi, kisha ni kungoja namba na logibuku. Hapo sina hofu.

Nitumie wiki hii picha ya V5C, kurasa za pasipoti zenye mihuri, na kile kibati cha chesisi kinachoonekana kwenye kioo cha mbele. Nimeshazungumza na wakala wa forodha ninayemwamini, anataka kuviona kabla hujalipa chochote kwa kampuni ya meli.

Wako,
Zuhura