Kwa nini Ireland ilisogeza makataa

Mpendwa Juma,

Salamu. Umeuliza kwa nini Ireland, baada ya kuwapa nafuu ya kodi wanaofufua mitaa chakavu ya miji, iliendelea kusogeza tarehe ya mwisho. Usianze na wanasiasa. Anza na kalenda ya vibali.

Chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2000, halmashauri ilikuwa na wiki 8 za kuamua ombi. Ikikubali, bado hujengi: kuna wiki 4 za kungoja kama yuko atakayekata rufaa. Akitokea, rufaa ilikwenda An Bord Pleanála, bodi ya taifa ya rufaa za mipango wakati huo, iliyolenga kumaliza kwa wiki 18. Lengo tu, maana kesi nzito zilipita hapo. Halmashauri ikidai maelezo ya ziada, zile wiki 8 zinasimama, na ukishajibu inapata wiki 4 nyingine. Halafu siku 9, kuanzia Desemba 24 hadi Januari 1, hazihesabiwi kabisa.

Sasa mchukue mwekezaji aliyepeleka ombi siku za mwisho za 2004. Hiyo ndiyo iliyokuwa tarehe yenyewe: ukiwasilisha ombi halali la kibali kamili kufikia Desemba 31, 2004, uliruhusiwa kujenga hadi Julai 31, 2006. Tuseme alidaiwa maelezo akachukua miezi 6 kujibu, kisha jirani akakata rufaa. Jumlisha: ni kama wiki 60. Kibali kinamfikia mwishoni mwa Februari 2006, kimebakiza miezi 5 ya kusimamisha jengo zima. Haiwezekani.

Neno "halali" nalo liliwakwamisha watu. Tangazo la gazetini lazima liwe limetoka ndani ya wiki 2 kabla ya ombi kupokelewa, na bango libaki kiwanjani wiki 5. Tangazo likizeeka siku moja, au mchoro mmoja ukikosekana, ombi linarudishwa kana kwamba halijawahi kuletwa. Likirudishwa Januari 2005, basi tena.

Ndipo muda ukasogezwa hadi Julai 31, 2008, safari hii kwa masharti. Kazi yenye thamani ya angalau 15% ya gharama za ujenzi ilipaswa kuwa imefanyika kufikia Desemba 31, 2006. Gharama za 2007 zilihesabiwa kwa 75%, na za 2008 kwa 50%. Kwa hiyo kazi ya €200,000 ikiteleza kutoka Desemba 2007 hadi Januari 2008, kiasi kinachopata nafuu kinashuka kutoka €150,000 hadi €100,000. (Hiyo si kodi yenyewe, ni kiasi kinachokatwa kwenye mapato kabla ya kutozwa kodi.)

Angalia pia wanachohesabu. Kumlipa mkandarasi mapema hakukusaidia, kwa sababu kilichotazamwa ni kazi iliyokwisha kufanyika katika kipindi husika. Bei ya kiwanja haimo.

Kwa maoni yangu, sharti la 15% lilikuwa la haki kuliko nyongeza zilizotangulia. Yule wetu wa Februari alibaki na miezi 10 ya kuchimba na kumwaga msingi, wakati aliyekuwa akishikilia kiwanja tu akingoja bei ipande hakuwa na cha kuonyesha.

Ukichora jedwali lako, weka safu mbili, tarehe za vibali na tarehe za kodi, na usome kutoka chini kwenda juu.

Wako,
Salim