Laki tatu na nusu "kwa kuchora mistari tu"

Wiki iliyopita mteja mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi huku Ngamiani alitoka ofisini kwetu amenuna. Alipofika mlangoni akamwambia kijana wangu, kwa sauti ya kutosha mimi nisikie: "Fundi wenu kachora mistari minne kwenye skrini, kanitoza laki tatu na nusu." Si wa kwanza. Tangu tuanze kurekebisha databesi za maduka na ofisi hapa Tanga, lalamiko hili halikauki. Basi leo nijibu.

Mistari niliichora, sikatai. Kwenye Access, programu ya Microsoft ya kutunzia databesi, kuunganisha jedwali la wateja na la risiti, na la risiti na la bidhaa, ni dakika tano. Ninachotoza ni zile siku nne kabla ya mstari wa kwanza.

Faili la bosi huyu lilikuwa na jedwali moja la mauzo, jina la mteja likiandikwa upya kila risiti. Mteja wake mmoja wa mkopo, mwenye duka kule Pongwe, nilimkuta humo kwa sura saba: "Duka Pongwe", "Pongwe duka", "D. Pongwe", "Duka la Pomgwe", na moja ina nafasi mbili katikati ambayo jicho haliioni lakini kompyuta inaiona. Kila sura ina deni lake. Siku yule bwana alipokuja kuuliza anadaiwa ngapi, karani akamsomea deni la sura moja. Akalipa, akashukuru, akaondoka. Mimi ndiye niliyekaa na kitabu cha risiti mkono huu na kipanya mkono huu, jina kwa jina, nikampa kila mteja namba moja ya kudumu. Sasa risiti inabeba namba, na jina linakaa mahali pamoja tu, kwenye jedwali la wateja.

Wapo wanaotumia namba ya simu badala ya hiyo namba ya kudumu. Inavutia, kwa kuwa haijirudii. Lakini watu hubadilisha laini, na wengine wana laini tatu. Tena simu ikihifadhiwa kama tarakimu za hesabu, ile sifuri ya mbele inaliwa.

Sasa njia ya mkato, maana hapa ndipo hela zinapopotelea. Ukiiambia Access isimamie uhusiano wa majedwali mawili, na ndani kuna risiti inayotaja mteja asiyekuwepo, inakataa. Risiti hizo tunaziita yatima. Kijana wa ofisini akiona ujumbe ule anatoa tiki kwenye kiboksi cha usimamizi, mstari unachoreka, skrini inapendeza, kila mtu anakwenda kunywa chai. Mstari usio na tiki hiyo hauzuii kitu. Ofisi moja iliishi hivyo miaka miwili. Nilipofungua nikakuta yatima zaidi ya elfu moja, na karani aliyeziingiza keshahama mji. Kazi ambayo ningeimaliza kwa wiki ikala mwezi. Bei nayo ikapanda, na hapo pia nikaitwa mwizi.

Jirani ya kiboksi hicho kuna kingine, cha kufuta kwa mfuatano: ukifuta kimoja, vyote vinavyokitegemea vinafutika nacho. Hicho watu hukipa tiki bila kusoma. Sehemu nyingine, sitaitaja, muuzaji wa saruji aliacha kuwaletea mzigo, karani akaona amfute asijaze orodha. Programu ikamuuliza, akabonyeza ndiyo kama tunavyobonyeza sote. Manunuzi yote ya muuzaji yule yakaondoka naye. Tulirudisha kutoka kwenye fleshi ya mwezi uliotangulia, yaliyobaki tukayaandika upya kwa mkono kutoka kwenye makaratasi.

Swali langu la kwanza kwa kila anayenitembelea ni hili: ukipandisha bei ya bati leo, risiti za mwaka jana zitasomaje? Wengi hucheka. Tunajaribu pale pale, na kicheko kinaisha: mauzo ya mwaka jana yanapanda nayo, kwa sababu bei imekaa kwenye jedwali la bidhaa peke yake na risiti zinaiazima. Bei ya siku ya mauzo lazima ibaki kwenye risiti, kila bidhaa na yake. Kijana mmoja wa chuo alinibishia kwamba hapo nimerudia taarifa, na shuleni walimkataza kurudia. Nikamwambia bei ya leo na bei uliyouzia ni vitu viwili.

Kuhusu safu za Bidhaa1, Bidhaa2 hadi Bidhaa5 mnazopanga kwenye jedwali la risiti, sisemi mengi. Mteja akitaka cha sita mnamkatia risiti ya pili, mnajua wenyewe.

Na wanaosema fundi anatunga ugumu ili ale: mpango huu wa majedwali yanayohusiana aliuandika E. F. Codd, mtaalamu wa kompyuta wa kampuni ya IBM, mwaka 1970. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Kuna wanaotaka kazi ya waja leo waondoka leo, fleshi asubuhi, jibu jioni. Haiwezekani. Njoo na faili lenyewe, limefungwa kwenye kompyuta zote kabla ya kunakiliwa. Picha ya skrini kwa WhatsApp hainisaidii. Njoo na vitabu vya risiti. Faili la asili siligusi, nafanyia kazi nakala, na la asili unarudishiwa kama ulivyolileta.

Bei haishuki kwa kunung'unikiwa mlangoni. Inashuka karani wako akija kukaa nami siku mbili, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama "Mama Makorora" na "Makorora genge" ni mtu mmoja au wawili.