Silikoni yenu imegoma kuganda, na tatizo sio udongo wangu

Kwa meneja na watu wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Nimeshawatumia meseji nne WhatsApp, tatu mmezisoma mkakaa kimya na ya nne mkanijibu mstari mmoja tu, kwamba niangalie udongo wangu una salfa. Naomba hii muisome mpaka mwisho maana hilo jibu limeniuma kuliko hata hela.

Mimi nafanya sanamu, studio yangu iko uani hapa nyumbani Tabata, na silikoni yenu ya kutengenezea moldi, yaani kalibu la kumiminia sanamu, nilishanunua mara tatu huko nyuma haikuwahi kunisumbua. Mwezi wa pili nikachukua seti ya kilo 5, ndoo A na ndoo B, ile ya platinamu ya kuchanganya nusu kwa nusu, shilingi 385,000 nikalipa kwa simu na risiti ninayo. Kazi ilikuwa sanamu ya kichwa na mabega ya mzee mmoja marehemu, familia yake wako Moshi walitaka ifike kabla ya misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Nimefinyanga wiki tatu, naangalia picha sita huku nawasikiliza wanae wanavyomwelezea, binti yake mkubwa alikuja mara mbili na mara ya pili akavuta kigoda akakaa mbele ya ule udongo akaniambia pembeni ya jicho la kushoto baba alikuwa na mikunjo miwili, sio mitatu. Nikalowesha kidole nikafuta mmoja. Akaangalia weee, halafu akasema, ndiye huyu.

Ndio uso mliouharibu.

Nilipima kwa mizani ya dijito, gramu kwa gramu, nikakoroga taratibu nikikwangua pembeni na chini ya kopo, nikahamishia kopo lingine nikakoroga tena ili isibaki sehemu haijachanganyika. Leya ya kwanza nikapaka kwa brashi kidogo kidogo ili hewa isibaki kwenye matundu ya pua na kwenye mikunjo. Karatasi yenu imeandika masaa sita imeganda, na Dar mwezi wa pili mnajua joto lake, kwa joto lile hata masaa manne yalitosha. Asubuhi nimeamka nagusa shavu, kidole kinatoka na uzi mrefu kama mlenda. Nikasubiri mpaka kesho yake. Mlenda ule ule.

Sasa kwa ambaye hajawahi kufanya hii kazi anaweza kusema si ufute tu upake nyingine. Haifutiki jamani! Udongo bado mbichi, ile gundi imeshaingia kwenye kila mstari, ukivuta inakuja na udongo, ukiweka thina unaharibu kilichobaki, nimejaribu kwa kijiti cha mshikaki masaa mawili na kope za juu zikaondoka zote mbili. Kwenye udongo mbichi moldi unapata nafasi moja tu.

Turudi kwenye salfa. Ni kweli salfa inazuia silikoni ya platinamu isigande, hilo nalijua, ndio maana situmii ule udongo wa mafuta wa dukani ambao mwingine una salfa, na glavu za mpira wa latex sizivai maana nazo zinaleta shida hiyo hiyo, navaa za nitrili. Udongo wangu ni wa mfinyanzi wa kawaida wa kulowesha na maji, ni huo huo niliotumia na silikoni yenu zile mara tatu zote. Na bado sikuridhika, nikachukua kopo jipya la plastiki, nikaweka gramu 50 za A na 50 za B, udongo haujakaribia kabisa, nikaacha siku nzima. Haikuganda. Kopo ninalo hapa mezani. Hapo salfa imetokea wapi?

Ndipo nikazigeuza ndoo kuangalia stika. Ndoo A ina namba ya toleo tofauti na ndoo B, wakati karatasi yenu wenyewe imesema zitumike za toleo moja. Na ndoo B tarehe ya mwisho ya matumizi imebandikwa juu ya tarehe nyingine, nilipitisha kucha pembeni ikaanza kubanduka, chini yake nikaona mwaka wa nyuma. Nimepiga picha kabla na baada, nimeambatanisha. Sijui nani alibandika, labda sio nyie labda aliyewaletea, lakini mimi nimeuziwa na nyie.

Kilichonipata baada ya hapo ni kurudisha 600,000 ya watu niliyotanguliziwa, na misa ikafanyika wakaweka picha ya fremu. Wiki hii ndio nilitakiwa niwe kwenye ile hatua ninayoipenda kuliko zote, resini, ile plastiki ya majimaji inayoganda, yenye poda ya shaba imeshatoka kwenye moldi, unasugua kwa stili wuli mpaka shaba inang'aa kwenye paji la uso na kwenye mfupa wa shavu, halafu unapaka kiwi nyeusi ikae kwenye mikunjo, unafuta juu inabaki ndani. Ile mikunjo miwili ingeonekana vizuri sana. Resini yenu niliyonunua siku hiyo hiyo nimeijaribu, sina ugomvi nayo.

Ninachotaka: hela ya silikoni yote irudi, 385,000, sio kubadilishiwa ndoo. Mniandikie kwamba tatizo ni mzigo wenu sio udongo wangu, niwapelekee ile familia waone maana saa hizi wanajua mimi ndio sijui kazi. Na muwapigie wengine waliouziwa toleo hilo kabla hawajamwaga kwenye kazi zao. Nawapa siku 14, zikipita naenda Tume ya Ushindani na picha zangu na risiti.

Ndoo zote mbili nimezifunga vizuri sijazigusa tena. Mtumeni fundi wenu aje apime mwenyewe hapa hapa, Jumamosi nipo kutwa nzima.

Mteja wenu,
Tabata