YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAMERA MLIZONICHAGULIA NA KUDHALILISHWA DUKANI KWENU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Risiti ya EFD mnayo na masharti ya warantii mliyaandika wenyewe, hivyo sitayarudia. Nakuandikia kwa heshima, ingawa kwenye kaunta yenu ya Kariakoo mimi sikuipata.

Kijana wenu wa mauzo alipokuja dukani kwangu Mbagala kupima, nilimwomba mambo mawili: sura ya mtu anayesimama kaunta ionekane, na rekodi zikae wiki mbili, kwa sababu upungufu kwenye hesabu za uwakala wa fedha za simu huonekana baadaye. Akajibu, "Mama, kifurushi hiki kinakutosha kabisa." Kifurushi chenyewe ni kamera nne za megapikseli 2, zote za lenzi ya milimita 2.8, inayoonyesha eneo pana lakini sura kwa udogo, na diski ya gigabaiti 500. Kamera ya namna hiyo ikirekodi mfululizo hula karibu gigabaiti 40 kwa siku. Kamera nne ni 160. Diski inajaa siku ya nne, kisha inafuta za zamani na kuandika juu yake. Wiki mbili zinataka zaidi ya terabaiti 2, na hesabu hiyo muuzaji anapaswa kuifanya kabla hajapokea fedha ya mtu.

Polisi walipohitaji rekodi ya siku niliyoibiwa floti, yaani mtaji wa uwakala, ilikuwa imeshafutika. Iliyobaki ni picha moja ya tahadhari kwenye simu yangu, nayo ni kivuli cheusi, maana kamera ya kaunta fundi wenu aliielekeza mlangoni, jua la mchana likapiga nyuma ya mwizi.

Nilikuja kwenu na RB, karatasi ya taarifa niliyotoa polisi, mkononi. Mtu wenu wa huduma kwa wateja akaniuliza, "Sasa mama, ulitaka kamera imkamate mwizi?" Akacheka, na waliokuwa foleni wakacheka.

Kuna jambo lingine ambalo fundi niliyemwita mwenyewe amenionyesha juzi. Mashine ya DVR, inayorekodi picha za kamera, bado imeunganishwa na akaunti ya fundi wenu. Mimi ni mwalikwa tu kwenye kamera zangu. Tangu siku ya kufungwa, mtu nisiyemjua anaweza kuangalia duka langu la dawa, wagonjwa wanaokuja kuchukua dawa, na mahali ninapohesabia fedha. Neno la siri ni lile lile la kiwandani. Tangu mwaka 2022 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Je, mafundi wenu wameambiwa?

Narudi kwa mtu wenu, kwa sababu hilo silisahau. RB hakuisoma. Aliisukuma kwa ncha ya kalamu kama karatasi ya maandazi, akasema kwa sauti ya kufika hadi mlangoni, "Ulitaka kamera imkamate mwizi?" Mimi ni mtu mzima, nimeibiwa mtaji, nimesimama mbele ya kijana wa kumzaa, naye anageuza kiti na kuendelea na simu yake huku watu wananicheka. Hakuna aliyeniambia hata pole.

Nilikusudia kuomba diski kubwa na kamera ya kaunta inayomudu mwanga wa nyuma, basi. Lakini ninavyoandika naona hiyo haitoshi. Akaunti ya fundi iondolewe leo, si kesho. Vifaa vyenu mje mvichukue na mnirudishie fedha zote, pamoja na gharama ya ufungaji. Na kijana yule aniombe radhi pale pale kaunta, wateja wakiwepo, kwa sauti ile ile.

Nawapa siku saba. Zikipita, sitakuja tena dukani. Nitakwenda Tume ya Ushindani na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kisha mahakamani kudai na floti iliyopotea.

Mteja wenu,
Mwenye duka la dawa muhimu, Mbagala

Nakala: Mkurugenzi wa kampuni