Barua kwa Salim: namna ya kuizima Raspberry Pi ya mama

Morogoro,
Jumapili, 9 Juni 2024.

Mpendwa ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mama hajambo na kwamba goti limeanza kumpa nafuu. Habari za shamba tutazizungumza tukionana. Leo nakujibu lile moja uliloniuliza kwa hasira kidogo, yaani kwa nini ile Raspberry Pi, kompyuta ndogo niliyowafungia nyuma ya televisheni, imekataa kuwaka, ilhali hakuna aliyeiangusha wala kuimwagia maji, na kila usiku mmekuwa mkiizima vizuri pale ukutani.

Jibu limo ndani ya maneno yako mwenyewe. Kule kuizima pale ukutani ndiko kulikoiharibu, au kwa usahihi zaidi, ndiko kulikoiharibu kadi yake ya memori, kwa maana bodi yenyewe naamini ni nzima. Lawama ya kwanza naibeba mimi, kwa kuwa siku ile nilikuwa nawahi basi na nikaondoka bila kumwonyesha mtu yeyote namna ya kuizima.

Redio na feni havina cha kupoteza ukivikatia umeme. Kompyuta inacho. Umewahi kumwona mwenye duka akizidiwa na wateja wakati wa magharibi: haandiki kila deni daftarini papo hapo, bali hulishika kichwani, na wateja wakipungua ndipo anapokaa na kalamu. Raspberry Pi hufanya vivyo hivyo. Kuandika kwenye kadi ni kazi ya polepole, kwa hiyo Linux, yaani mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, hulimbikiza maandishi kwanza katika memori ya muda, ambayo hufutika umeme unapokatika, kisha huyahamishia kwenye kadi baadaye kidogo. Maandishi mengine yanaweza kungoja kwa takriban sekunde 30. Ukibonyeza swichi ya ukutani katika muda huo, unakuwa umemfungia mwenye duka akiwa na madeni ya jioni nzima kichwani, na daftari liko nusu.

Kadi nayo ina udhaifu wake. Haiwezi kufuta herufi moja na kuandika nyingine mahali pake kama tufanyavyo kwa penseli. Ikitaka kubadilisha sehemu ndogo, hulazimika kuhamisha na kufuta kipande kikubwa zaidi, na kazi hiyo huendeshwa na kidhibiti kidogo kilichomo ndani ya kadi yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya uhamisho huo, kinachopotea si lazima kiwe kile ulichokuwa unakiandika. Huenda likawa faili la mfumo ambalo hukuligusa tangu siku nilipolifunga, na ndiyo maana unaweza kuwa unatazama mpira tu halafu kesho yake kompyuta isiwake kabisa.

Utaniuliza, mbona mmeizima hivyo kwa miezi minne bila tatizo? Kwa sababu mfumo wa mafaili tulioutumia, unaoitwa ext4, una jarida ndani yake: kabla ya kufanya mabadiliko katika mpangilio wa mafaili huandika kwanza nia yake, na ukiwashwa baada ya kukatiwa umeme husoma jarida hilo na kurekebisha yaliyokatizwa. Jarida hilo limewaokoa mara nyingi bila ninyi kujua. Mimi mwenyewe lilinidanganya. Mwaka juzi nilikuwa nimeiunganisha Raspberry Pi yangu kwenye tundu la USB la televisheni, nikijisifu kwamba nimeokoa chaja, na kila nilipozima televisheni kwa rimoti tundu lile nalo lilikata umeme. Iliendelea hivyo kwa wiki kadhaa. Usiku mmoja uniti za LUKU zilituishia katikati ya tamthilia, nikanunua, nikaingiza tarakimu, taa zikarudi, na kioo kikabaki cheusi chenye mistari ya maandishi meupe ambayo hata mtu asiyejua Kiingereza angetambua kwamba si habari njema. Sijui hadi leo ni kukatika kupi kulikoimaliza kadi ile, kule kwa mara ya mwisho au mojawapo ya zile nyingi za kabla yake.

Sasa njia yenyewe. Bodi yenu ni toleo la 3, nayo haina kitufe cha kuzimia. Matoleo makuu ya bodi hii yaliyotoka tangu mwaka 2012 hayakuwa nacho hadi lilipokuja toleo la 5 mwaka 2023. Kwa hiyo kuzima kwake huanzia kwenye kioo. Simamisha kwanza filamu inayocheza, kwani Kodi, ile programu mnayotazamia filamu, hutunza mahali ulipofikia pale unapoisimamisha, na wajukuu watakushukuru. (Jina hilo la Kodi najua linamshtua mama kila mwisho wa mwezi, mwambie ni programu tu, iliyoitwa XBMC hadi mwaka 2014, na haidai kitu.) Kisha rudi kwenye ukurasa wa mwanzo, nenda juu upande wa kushoto penye alama ya duara lililokatwa na kijistari, fungua menyu yake na uchague "Power off system". Usichague "Reboot", kwani hiyo huiwasha upya, na usichague "Exit", kwani hiyo huifunga Kodi peke yake na kuiacha kompyuta ikiendelea kufanya kazi gizani, jambo ambalo humfanya mtu adhani imezimika na kuichomoa.

Baada ya hapo subiri, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Kioo kitakuwa cheusi mapema, lakini kioo si shahidi. Tazama bodi yenyewe: kuna taa nyekundu na taa ya kijani. Ya kijani huonyesha kazi ya kadi, na utaiona ikiwakawaka bila mpangilio wakati madeni yanaandikwa daftarini. Mwishoni itakukonyeza mara 10 kwa vipindi sawa, kisha itazimika isiwake tena. Hapo ndipo unapoweza kuzima ukutani. Taa nyekundu itabaki imewaka maadamu chaja ina umeme, nayo isikutie wasiwasi. Ile diski ya nje yenye mihadhara na taarabu za mama inaweza kuendelea kuzunguka kwa kuwa matundu ya USB bado yana umeme, lakini mfumo umeshaiachia na unaweza kuichomoa.

Ikitokea kioo kimeganda na rimoti haijibu, usikimbilie chaja. Mara nyingi iliyoganda ni Kodi, na mfumo ulio chini yake uko macho. Ingia kupitia simu yako kwa SSH, ile njia ya kuipa kompyuta amri kwa maandishi kutoka kifaa kingine, kama nilivyokufundisha siku ile tulipoweka nywila, andika sudo poweroff, kisha tazama taa kama kawaida. Simu nayo ikishindwa kuifikia, basi ngoja hadi taa ya kijani ikae kimya kwa dakika moja au mbili ndipo uchomoe. Hapo unabahatisha, lakini unabahatisha kwa akili.

Najua hakuna kati yenu atakayeinamia nyuma ya televisheni kila usiku, kwa hiyo nina shauri la kitufe. Nenda kwa fundi wa kompyuta hapo mjini umwombe kitufe cha kuwashia kilichotolewa kwenye kasha la kompyuta bovu ya mezani, kile cha kubonyeza na kuachia, pamoja na waya wake wenye kichwa kidogo cha matundu mawili. Kichwa hicho huingia moja kwa moja kwenye pini namba 5 na 6 za bodi bila kuchomelea kitu. Ukiishika bodi, pini zote 40 zimepangwa kwa jozi, na namba zake huanzia kwenye pembe iliyo upande wa kadi ya memori. Unachotaka ni jozi ya tatu kutoka upande huo. Hesabu mara mbili, kompyuta ikiwa imechomolewa, kwa maana jozi ya kwanza na ya pili kila moja ina pini yenye volti 5, na ukikosea kwa jozi moja tu kuelekea huko, kitufe hicho siku ya kwanza kubonyezwa kitapeleka volti hizo mahali pasipozistahimili, nawe utakuwa umeiua bodi iliyonusurika. Kisha kwenye config.txt, faili la mipangilio lililomo kwenye kadi, tunaongeza mstari mmoja, dtoverlay=gpio-shutdown, na kuanzia hapo kubonyeza mara moja kunaizima kwa utaratibu uleule wa menyu, na kubonyeza tena ikiwa imelala kunaiamsha. Mstari huo nitauandika mimi kwenye kadi mpya nitakayokutumia.

Rimoti ya televisheni nayo inaweza kuizima. Hata sasa mnaitumia kuiendesha Kodi kupitia kebo ya HDMI, kwa njia iitwayo CEC ambayo kila kampuni huipa jina lake, Samsung wakiiita Anynet+ na LG wakiiita Simplink. Ndani ya Kodi upo mpangilio unaosema televisheni ikizimwa na kompyuta nayo ijizime. Kwa nyumba yenu siupendi. Mama huzima televisheni kila adhana inapolia, na akirudi kutoka kwenye mswala ataiwasha na kukuta hakuna kitu, kwa kuwa toleo la 3 likishajizima haliamshwi na rimoti.

Na kusema kweli, Salim, hakuna haja ya kuizima kila usiku. Ikiwa imetulia bodi hii haitumii hata wati 3, nazo ukizihesabu kwa saa 24 na siku 30 hazifiki uniti tatu za umeme kwa mwezi. Zimeni televisheni, iacheni yenyewe ilale macho. Izimeni mnaposafiri, mnapotaka kuihamisha, wingu la radi linapokaribia, au uniti zinapokaribia kwisha. Na katika hilo la mwisho nakuomba ujenge tabia ya kutazama mita kabla mama hajaanza kutazama tamthilia.

Umeme wenyewe ukikatika bila taarifa, hakuna menyu itakayosaidia. Nilijaribu kuiweka kwenye pawabenki, lakini ile niliyokuwa nayo hukata kwa nukta moja inapobadilisha kutoka kuchaji kwenda kutoa, na nukta hiyo inatosha kabisa kuiangusha kompyuta. Kinga ninayoitegemea ni kadi ya pili: nikishapanga kila kitu hunakili kadi nzima kwenye kompyuta yangu kama faili moja kubwa, na ya kwanza ikiharibika huandika nakala hiyo kwenye kadi nyingine. Ya kwenu ninayo, ya mwezi Februari, kwa hiyo mtakachopoteza ni kumbukumbu ya mlivyotazama tangu wakati huo. Filamu na mihadhara vipo kwenye diski, havikuguswa.

Jambo dogo kuhusu chaja. Uliandika kwamba mmeazima ya simu baada ya ile niliyoacha kupotea. Bodi hii inataka chaja ya volti 5.1 na ampea 2.5, chaja dhaifu ikilemewa na diski, volti hushuka, na zikipungua chini ya 4.63 utaona alama ya radi ya njano kwenye pembe ya juu kulia ya kioo. Ukiona alama hiyo, ujue kompyuta inakaribia kujizimia yenyewe bila kukuaga. Itafute ile ya zamani. Nadhani iko kwenye droo ya jikoni pamoja na mishumaa.

Kadi nitaikabidhi kwa kondakta wa basi la Alhamisi, ikiwa ndani ya bahasha iliyoandikwa jina lako, na ndani yake utakuta karatasi yenye mchoro wa pini. Ukishaiweka, iwashe, iache dakika tano, kisha uizime kwa menyu na unipigie simu unieleze taa ya kijani imekonyeza mara ngapi.

Nisalimie mama, na umwambie namwombea goti lipone.

Nduguyo,
Idrisa