Ninunue mitambo, au niendelee kujifunzia ya watu?

Mpendwa mshauri, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Morogoro. Wikiendi nashinda kwenye kumbi za harusi nikiwa msaidizi wa fundi mmoja wa mitambo ya muziki hapa mjini, na Jumapili nasimamia sauti ya kwaya yetu kanisani. Kazi hii naipenda mno, nataka iwe ndiyo ya maisha yangu.

Mzee anayenifundisha hana haraka. Kabla sijagusa miksa, ile mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti, ananizungusha ukumbini nisimame kila kona, nisikie besi inavyojazana pembeni mwa kuta. Wageni wakishaingia ananizungusha tena, maana nguo na miili ya watu hunyonya sauti kali, na kilichochoma masikio saa kumi jioni saa mbili usiku hukisikii. Maiki ikipiga mluzi hataki nikimbilie kushusha kila kitu. Anauliza kwanza: spika ziko wapi? Zikiwa nyuma ya mwimbaji, maiki inadaka sauti ya spika, inairudisha kwenye spika, na mluzi hauishi. Tunazisogeza mbele ya maiki, halafu ndipo natafuta kwenye ikwalaiza (vitufe vya kupandisha au kushusha besi na sauti kali) ile sauti moja inayolia, naipunguza hiyo tu.

Sasa kuna mtu anafunga biashara yake ya kukodisha mitambo. Anauza spika mbili za inchi 15 zenye amplifaya ndani, sabufa moja ya inchi 18, miksa ya analogi ya chaneli 16, stendi na waya, vyote kwa shilingi milioni nne na nusu. Mimi ninazo milioni tatu, na kikoba chetu kiko tayari kunikopesha zilizobaki. Kaka yangu anasema nichukue haraka: kitchen party, send-off na kipaimara havikosekani, deni litajilipa.

Lakini wenye mitambo nawaona. Kirikuu ya kubebea, vijana wa kupakia, jenereta umeme ukikatika, stoo isiyovuja. Sherehe ikiwa imekolea, mwenye mali yuko getini anadai salio lake, na kwenye miksa amekaa mtu mwingine. Muda wa kujifunza nitautoa wapi? Tena sehemu nyingine sasa wanatumia miksa za kidijitali kama Behringer X32. Programu yake ya bure nimeiweka kwenye laptop, inafunguka hata bila miksa yenyewe, na usiku nafanyia mazoezi ya kupanga chaneli. Nikiweka pesa yote kwenye analogi, sitaachwa nyuma?

Kinachonivuta kununua, nikwambie ukweli, ni hiki: watu wakinikuta kwenye miksa huniuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Inaniuma sana. Naona mitambo ikiwa yangu hakuna atakayenisogeza pembeni.

Njia nyingine ninayoifikiria ni kununua vya kuanzia tu: maiki mbili halisi za Shure SM58 (bandia zimejaa madukani), hedifoni nzuri, DI boksi (ya kuunganishia gita au kinanda kwenye miksa) na waya imara, nibaki na mzee nikijifunza, akiba nyingine isiguswe.

Wewe na wasomaji mlioifanya kazi hii, mngekuwa kwenye nafasi yangu mngechagua ipi? Na kama ni kununua, spika zilizotumika zinakaguliwaje? Koili ya ndani ya spika iliyoanza kuungua naitambuaje kabla sijatoa hela? Muuzaji amenipa hadi mwisho wa mwezi.

Msomaji wenu,
Morogoro